Mwalimu Anajibu: Waliouawa Baraka na Fizi

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Jumuiya yetu ina familia nyingi zilizotoka Fizi, Kongo, na tunataka kuiita kwa jina la wamisionari waliouawa kule. Kaka mmoja amegoma. Anasema waliuawa kwa siasa, kwa kuwa ni Wazungu, wala si watakatifu. Na je, kanisa la kigango (tawi la parokia) tunalojenga tunaweza kulipa jina lao?
Mama wa jumuiya, Kasulu

JIBU: Milele amina, mama. Huyo kaka msimzomee, ana hoja. Mwaka 1964 mashariki ya Kongo ilikuwa inawaka. Waasi wa Simba, waliopigana na serikali, walishika miji, na tarehe 24 Novemba makomando wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli Stanleyville, Kisangani ya leo. Wamisionari wa Baraka na Fizi, miji ya mashariki hiyo hiyo, waliuawa siku nne tu baadaye. Siasa ilikuwepo, tusidanganyane.

Sasa tazameni walivyokufa. Pale Baraka, mchana, jipu ya waasi ilisimama mbele ya kanisa. Bruda Vittorio Faccin, kijana wa miaka 30, akatoka kuwasikiliza. Wakamwamuru apande. Akakataa, wakampiga risasi. Padre Luigi Carrara alikuwa ndani anaungamisha watu. Aliposikia mlio akatoka, naye akaambiwa apande. Akawajibu kwamba kama ni kuuawa, afadhali afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, wakammaliza hapo hapo.

Kutoka hapo waasi wakapanda milimani hadi Fizi. Padre Giovanni Didoné ndiye aliyewafungulia mlango, akapigwa risasi. Akafuata Padre Albert Joubert. Huyu Albert ndiye ningemwonyesha kaka yenu: mzaliwa wa Mrumbi, upande wa Moba, baba Mfaransa, mama Mkongo, mtu mzima wa miaka 56. Wale watatu ni Waitaliano wa Shirika la Waksaveri, shirika la wamisionari. Yeye alikuwa padre wa hapo hapo. Najua kaka atasema damu ya Kizungu ilikuwemo. Sawa, lakini mlango uliogongwa ni wa nyumba ya mapadre, si wa Mzungu yeyote tu.

Roma nayo ilichunguza swali hilo la kaka kwa miaka, maana wauaji wasipokuwa na chuki dhidi ya imani hakuna ufiadini, yaani kuuawa kwa ajili ya imani. Desemba 2023 Papa Fransisko aliridhia kwamba ni wafiadini, na tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo akawatangaza wenyeheri mjini Uvira. Wenyeheri, mama, hatua ya kabla ya utakatifu, si watakatifu. Hapo kaka yuko sahihi. Mfiadini hutangazwa mwenyeheri bila muujiza, ila kufikia utakatifu muujiza hudaiwa. Hakuna kinachowazuia kuwaomba wawaombee, hata leo jioni kwenye rozari.

Kwa jina la jumuiya, ongeeni na paroko, sioni kikwazo. Kanisa la kigango ni habari nyingine. Kanisa haliwekwi wakfu kwa jina la mwenyeheri bila idhini ya Roma, kwa hiyo msikimbilie kuandika ubao. Na nimesikia minong'ono ya "kituo cha hija". Msalaba mkubwa na kisanduku cha sadaka havitoshi. Ni askofu wa jimbo anayeidhinisha, baada ya kuona waamini wanakuja kuhiji kweli.

Andikeni barua moja, mwenyekiti na katibu watie sahihi, mwelezeni paroko ni familia ngapi zimetoka Fizi na Baraka na kwa nini mnawataka hawa wanne. Wote wanne, mama. Padre Albert msimwache nje kwa kuwa mmezoea kusema "wamisionari".