Usichangie Boti, Changia Petroli

Ukiwa Nairobi na kwenu ni Pwani, kuna ujumbe utakaoupata siku moja kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: wavuvi wamepotea, boti ya kuwatafutia hakuna, tuchange tununue. Huja na picha ya boti mpya ya faiba, bei chini yake na nambari ya kutumia pesa. Kabla ya Isha kundi zima limeshaahidi, hata wale ambao hawajalipa mchango wa msiba wa mwezi uliopita.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu wa kijiji kimoja cha Kwale tunaoishi huku bara, wengi wetu Pumwani na Eastleigh, wengine Kibra na South B. Kwa miaka kadhaa sasa tunakitegemeza kituo cha uokoaji cha kujitolea huko nyumbani. Kila baada ya muda mtu wa Lamu au wa Kilifi hunipigia kuniuliza waanzie wapi, nami huwaambia jambo ambalo halimfurahishi yeyote: boti ichangieni mwisho.

Boti kijijini zipo. Zimejaa ufuoni, kila moja na mwenyewe. Isiyokuwepo ni boti iliyo tayari saa hii, yenye mafuta, yenye injini inayowaka, na vijana wanne wanaojua kwamba leo zamu ni yao. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyobeba watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, Tanzania, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafariki. Vyombo vya majini vilikuwa karibu na wenye moyo walikuwepo. Lawama zilizofuata zilihusu vifaa na maandalizi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtu aliye mbali na maji anaweza kuvilipia.

Mji usio na bahari kukilisha kituo cha baharini si jambo tulilolibuni sisi. Uingereza na Ireland zina taasisi iitwayo RNLI, iliyoanzishwa London mwaka 1824. Ina vituo zaidi ya 230, na wanaopanda boti zake wengi mno ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine, ambao mwito ukilia huacha walichoshika na kukimbilia majini. Sehemu kubwa ya uhai wake ni michango na wasia wa marehemu.

Disemba 1886 merikebu ya Kijerumani iliyoitwa Mexico ilikwama katika dhoruba karibu na Southport, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Boti tatu za uokoaji zilitoka katika vituo vitatu. Ile ya Lytham iliwaokoa mabaharia wote 12. Mbili nyingine zilipinduka na waokoaji 27 wakafa, wakaacha wajane 16 na mayatima 50. Charles Macara, mfanyabiashara wa pamba wa Manchester, alipochungulia hesabu za taasisi aliona kwamba ilikuwa ikiegemea matajiri wachache tu. Oktoba 1891 yeye na wenzake wakapitisha boti za uokoaji katika barabara za Manchester, mji usio na ufuo, bendi zikipiga na watu wakitumbukiza sarafu. Siku hiyo moja, barabarani, zikapatikana zaidi ya pauni 5,000. Mkewe, Marion, akafuatia kwa kuunda vikundi vya wanawake vya kuchangisha. Hapo ndipo wanawake wa chama chetu hunikatiza: kumbe tangu zamani wanaofuatilia michango ni sisi.

Natoa kisa hiki kwa sababu kina mambo mawili ambayo kundi la WhatsApp huyasahau. Kwanza, pesa za wengi kidogo kidogo. Kijiji jirani na chetu kiliwahi kupewa boti na mwanasiasa, jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo. Uchaguzi ulipokwisha na mambo yakamwendea kombo, petroli nayo ikaisha, na hakuna aliyejiona ana haki ya kuigusa boti ya mheshimiwa. Mia mbili mia mbili za watu themanini hazina jina la kuandikwa popote, lakini kila mmoja ana mdomo wa kuuliza zimekwenda wapi.

Jambo la pili ni wajane. Nitalirudia.

Sasa petroli. Injini nyingi za kijijini ni zile za kuchanganya petroli na oili, na petroli iliyochanganywa haiwekwi miezi ukategemea iwake siku ya shida. Kwa hiyo lazima itumiwe na ibadilishwe, na huo ni mchango wa kila mwezi, hauishi. Bei hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya mwezi, basi sisi hukusanya pesa kabla ya hapo na kutuma mara tu bei ikijulikana. Hatumtumii mtu binafsi. Tunalipa moja kwa moja kituo cha mafuta, nahodha anachukua kwa mitungi na risiti inapigwa picha. Hatufanyi hivi kwa kuwa nahodha ni mwizi. Nahodha ana ndugu, na ndugu wana shida, na pesa iliyo mkononi mwa mtu mwema ndiyo rahisi zaidi kuombwa.

Boti nayo itaombwa. Hili liandikwe kabla haijashushwa majini. Itaombwa kupeleka maiti kisiwani, na hapo utaona haya kukataa. Itaombwa kumbeba bibi harusi, itaombwa na afisa mgeni anayetaka kuona pomboo. Nilimwuliza nahodha wetu, mzee ninayemwita mjomba ingawa hatuna damu, anawajibu nini. Akasema, "Mwanangu, mimi huwaambia ufunguo uko Nairobi." Ufunguo hauko Nairobi. Lakini tumekubali kuwa wabaya wa hadithi hiyo, kwa sababu yeye anaishi nao na sisi tuko mbali, na pengine hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote chama cha bara kinachoweza kutoa. Maiti na mama mjamzito aliyezidiwa tumewaruhusu kwa maandishi. Mengine yote, ufunguo uko Nairobi.

Kila Ijumaa baada ya swala injini huwashwa na boti hutoka kidogo, hata kama wiki nzima hapakuwa na tukio. Ikirudi, injini husafishwa kwa maji matamu, ndani si nje tu, maana chumvi ikikaa kwenye njia za maji ya kupoza huganda na kuziba, na siku ya dhoruba injini inapata moto na kuzima mbali na nchi kavu. Kijijini maji matamu hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo maji nayo yamo katika bajeti. Wenzangu wengine walicheka mwanzoni: eti tunanunua maji ya kumwogesha nani? Ongeza plagi za akiba, pini za rafadha, kamba, tochi na betri zake. Ni vitu vidogo visivyopigiwa picha, na hakuna mtu atakayekushukuru kwa pini.

Kuna msimu wa kuzidisha na msimu wa kupumua. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari yetu hukasirika, na Juni hadi Agosti ndiyo mbaya zaidi kwa wavuvi wa mashua ndogo. Basi matengenezo makubwa yalipiwe wakati wa kaskazi, ifikapo Machi yawe yamekwisha. Ukingoja wavuvi wapotee ndipo uchangishe, unachangisha matanga.

Disemba ina hatari yake, na hapa nitawasema watu wa Nairobi nikiwemo. Kwetu wanaovutwa majini msimu wa sikukuu kwa kawaida si wavuvi, ni wageni kutoka bara walioshuka na treni ya asubuhi na kufikia jioni wamo majini, wengine wamekunywa, na kuogelea kwao ni kwa kidimbwi cha hoteli. Mkondo ukikuchukua kwenda nje usishindane nao kwa kuuelekea ufuo. Lala chali, masikio yaingie majini, pumua taratibu, inua mkono kuita. Ukipata nguvu, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. RNLI nao wanafundisha hivyo, kuelea kwanza. Vijana wetu wanasema anayeelea wao humkuta juu, anayepigana na maji wao humfuata chini.

Majaketi ya kuokolea ndiyo yaliyotuletea ubishi mrefu. Mvuvi aliyezaliwa baharini hukuambia jaketi ni la mtalii. Hoja za usalama hazikuwashika. Kilichowashika ni kisa cha Whitby, mji wa wavuvi kule Uingereza. Februari 1861 katika siku moja ya dhoruba boti ya uokoaji ya mji huo ilitoka mara kadhaa na kuokoa watu, kisha mara ya mwisho ikapinduka. Waliokuwemo walikuwa 13. Walikufa 12. Aliyepona, Henry Freeman, ndiye pekee aliyekuwa amevaa jaketi jipya la kuokolea, la gome jepesi la vizibo. Na hawa walikuwa wavuvi, wanaijua bahari kama sisi. Nahodha alikaa kimya, kisha akauliza kama Freeman aliendelea na kazi. Aliendelea, miaka mingi, akawa nahodha wa boti ya uokoaji. Tangu hapo sheria ya kituo ni ya nahodha mwenyewe: bila jaketi hupandi, hata uwe mtoto wake.

Ukinunua, nunua ya povu yenye rangi kali, filimbi na mkanda wa kupita kati ya miguu. Yaliyojazwa kwa hewa ni mepesi lakini yana mtungi wa gesi wa kukaguliwa na kubadilishwa, na hilo kijijini litasahaulika. Ya mtumba nimeyaona yakiuzwa kwa bei ya kutamanisha. Siyagusi, sijui yamekaa juani miaka mingapi. Kabla ya kuyapokea, mtu mzito kuliko wote avae aingie maji ya kifuani ainue miguu. Uso ukizama, rudisha. Na nunua zaidi ya idadi ya waokoaji, kwani anayeokolewa naye anahitaji la kuvaa.

Wajane, sasa. Kijana anayetoka kwenye kusi usiku kumtafuta mtoto wa mwingine, akipatwa na jambo, chama kitafanya nini? Jibu la "tutachanga" halitoshi, kwa kuwa tunajua tunavyochanga: wiki ya kwanza kwa machozi, mwezi wa tatu kwa kukumbushana. Sisi tunawalipia waokoaji bima ya ajali ya kikundi, na michango yao ya SHA, bima ya afya ya serikali. Kwa asiyeajiriwa kiwango cha chini kabisa cha SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho hulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Wenye kipato cha kubahatisha hilo la kulipa kwa mkupuo ndilo linalowashinda, si zile mia tatu. Mke wa mmoja wao aliniambia kwamba kabla ya bima hizo alikuwa akificha viatu vya mumewe usiku wa upepo, asitoke.

Karatasi nitazipitia haraka. Sajilini chama chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Wanachama wasipungue kumi. Boti ikaguliwe na kupewa leseni na KMA, mamlaka ya usafiri wa majini. Zungumzeni na BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wenu, mapema, la sivyo mtaonekana mmekuja kuwapora mamlaka. Kituo kijulikane na Walinzi wa Pwani, waliopo tangu 2018, na kwa kile kituo cha uratibu wa uokoaji kilichoko Mombasa. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, isikilizwe chaneli 16, ya mwito wa dharura. Kikundi cha kijiji hakichukui nafasi ya hao, kinaziba ile saa ya kwanza kabla hawajafika. Watu 272 walikufa feri ilipopinduka Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, pale pale Mombasa, mji wenye bandari na jeshi la majini. Sasa fikiria ufuo ambao meli ya serikali iko umbali wa saa mbili au tatu.

Na mwito wenyewe msiuachie simu peke yake. Mtandao hupotea upepo ukizidi, na vijana hulala simu zimezimwa kuhifadhi chaji. Kwetu simu hupigwa, na kipaza sauti cha msikiti hutumika. Imamu alikubali mradi tangazo liwe fupi.

Kama kijiji chenu kina boti iliyolala mchangani tangu mfadhili aondoke, msinunue nyingine bado. Mpigie nahodha simu leo, umwulize injini iliwashwa lini mara ya mwisho, majaketi yako wapi, na ufunguo wa stoo unakaa kwa nani. Andika majibu kama alivyoyasema, bila kuyapamba, uyapeleke kwenye mkutano wa chama kabla mtu hajatuma picha ya boti mpya.