Jibu: Bima ya afya kwa familia ya Uyole, uchukue ipi?
Mkuu, umeuliza uchukue kipi kati ya vifurushi viwili ulivyoviona mtandaoni, mna watoto wawili na mnapanga wa tatu mwakani. Usianze na bei. Fungua kwanza orodha ya hospitali, uone kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na kitengo chake cha wazazi pale Meta vimo. Kadi inayopokelewa Dar tu haitakusaidia mtoto akibanwa kifua usiku kwenye baridi yetu ya Juni.

Halafu uzazi. Hapo soma neno kwa neno, maana bima nyingi za binafsi zina muda wa kusubiri, mara nyingi miezi kadhaa, kabla hazijalipia kujifungua. Dada yangu alikata akiwa tayari mjamzito. Upasuaji wakalipa wenyewe kwa kuuza mahindi ya chakula. Iliniuma sana. Kwa hiyo kata sasa, hata kile cha bei ya juu, ilimradi kiwango cha uzazi kinatosha upasuaji.

Na usivutwe na mamilioni ambayo bima inaahidi kulipa mtu akilazwa. Watoto wadogo mara nyingi wanatibiwa na kurudi nyumbani, kwa hiyo ukomo wa wagonjwa wa nje, yaani kiasi cha juu bima inacholipia matibabu bila kulazwa, ndio utakaouhisi. Weka hapa viwango vya vyote viwili tuvipige hesabu.