Kabla ya kufuta alama ya kosa, uliza kabini ilikuwa inaenda wapi

Variatere ya asansere, yaani kifaa kinachotawala mwendo wa motere yake, ikisimama kwa kosa, kioo chake huandika herufi mbili tatu: OC, OU, LU, OH, PG. Fundi mgeni hukimbilia kitufe cha kufuta. Asansere inaondoka, mwenye jengo anafurahi, na kabla ya jioni simu inaita tena. Zile herufi zinasema variatere iliumia wapi. Aliyeiumiza, mara nyingi, yuko nje ya sanduku lake: freni, rezistansi, enkoda (kipima mzunguko wa motere), kontaktere (swichi ya umeme mkubwa), au umeme unaoingia jengoni.

Basi fungua daftari kwanza. Andika alama, frikwensi, ampea na volti za DC za wakati ule ule wa kosa. Variatere nyingi huziweka kwenye historia, na kwenye variatere za kampuni ya Fuji namba inayofuata OC au OU inakupa hata wakati: 1 ni kuongeza mwendo, 2 ni kupunguza, 3 ni mwendo wa kawaida. Halafu andika kabini ilikuwa inapanda au inashuka, tupu au imejaa. Kama kuna watu ndani au la, kioo hakijui. Muulize mlinzi wa mlangoni, yeye anajua kuliko unavyodhani.

Ukitaka kugusa waya, hakikisha hakuna mtu kabini, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye variatere, kwa kawaida 5 hadi 10, kisha pima kati ya + na − za DC. Usianze kabla volti hazijashuka chini ya 25. Taa ya chaji kuzimika peke yake si ushahidi.

OU, yaani volti za DC zimepanda mno, ndiyo inayopoteza wengi. Umeme wa 380 V ukigeuzwa DC unatoa karibu 537 V. Variatere za daraja la 400 V hukata karibu na 800 V. Hizo volti za ziada zinatoka wapi? Zinatoka kwenye motere yenyewe. Kontrepwa, yaani uzito unaoning'inia upande wa pili wa kamba, huwa na uzito wa kabini pamoja na 40 hadi 50% ya mzigo wake. Kwa hiyo kabini tupu ikipanda, kontrepwa ndiyo inayovuta, na motere inageuka jenereta. Kabini iliyojaa ikishuka, ni vilevile. Umeme huo lazima uchomwe kwenye rezistansi ya freni, ile inayougeuza kuwa joto. Ukisikia “inakata ikipanda tupu tu”, usifungue variatere. Nenda kwenye rezistansi. Chomoa waya zake, pima omu, linganisha na kibao chake. Multimeta ikionyesha waya umekatika, au omu zimepanda sana, badilisha. Kaza pia vituo vyake, maana joto huvilegeza. Usiweke rezistansi yenye omu chache kuliko kiwango cha chini cha variatere: utaiua transista ya freni, swichi ya ndani inayopeleka umeme kwenye rezistansi. Kama rezistansi ni nzima na volti bado zinapanda, transista hiyo ndiyo mshukiwa. Na rezistansi ikiwa moto wakati asansere imesimama kwa muda mrefu, transista imeshikana, haizimiki tena. Zima umeme mara moja.

OC, yaani ampea zimezidi, ikija wakati wa kuondoka, anza na freni ya motere yenyewe. Lazima usikie ikifunguka, na uone kila upande ukiachia. Ikibaki imeshika, motere inapigana nayo na ampea zinapaa. Pima volti za koili wakati wa amri, kagua rektifaya yake na kontaktere. Freni ikiwa nzima, tenganisha motere: omu za U-V, V-W na U-W zilingane, na insuleshoni ipimwe kwa mega (kipimo cha insuleshoni) ya 500 V. Mega haipimwi hata siku moja waya za motere zikiwa bado zimefungwa kwenye variatere. Kosa hilo hugharimu variatere nzima. Angalia pia kontaktere iliyo kati ya variatere na motere: ikifunguka wakati ampea bado zinapita, inapiga cheche na OC inatokea kana kwamba motere imekufa. Na OC ikija hata motere imechomolewa, hapo ndipo unashuku transista za ndani.

LU ni volti kupungua. Ikija pamoja na delestaji (mgawo wa umeme) au wakati wa kuhamia jenereta, ni kawaida. Ikija kila kabini iliyojaa inapoanza kupanda, pima umeme wa kuingia wakati huo huo, si kabini ikiwa imelala. Fyuzi moja iliyoungua au kituo kilicholegea huruhusu kabini yenye mzigo nusu kwenda vizuri, halafu huanguka mzigo ukizidi.

OH, yaani variatere imepata joto mno, hapa Lubumbashi ni jambo la Oktoba, joto likipanda kabla ya mvua, chumba cha mashine kikiwa chini ya mabati na vumbi jekundu limejaza mapezi ya kupoozea. Kagua feni kwanza; ukiizungusha kwa kidole, umeme ukiwa umezimwa, na ikaenda kwa ugumu, badilisha. Wenye viwanda huhakikisha ampea za variatere hadi mita 1,000 juu ya bahari, na juu ya hapo hushauri kupunguza takriban 1% kila mita 100. Lubumbashi iko karibu mita 1,200, Goma na Bukavu karibu 1,500: si kitu kikubwa, ila kikijumlishwa na joto na vumbi, kinahesabika.

PG ni enkoda au waya wake: skrubu ya kiungo, shilidi (ganda la kinga la waya), waya uliopitishwa kando ya waya wa motere. Kwenye motere isiyo na gia, ukiisogeza enkoda hata kidogo, mahali pa sumaku pamepotea. Lazima ufanye upya upimaji wa motere kabla ya kuendesha, la sivyo ampea zitapanda bila mwendo au kabini itakwenda kinyume.

Nakili mipangilio yote kabla ya kubadilisha lolote, na usizime ulinzi wa fezi ili tu kunyamazisha kioo. Ukimaliza, ipandishe tupu mara kumi, kisha uishushe na mzigo kamili, daftari likiwa mkononi.