Shangazi, mbona sioni faraja ya Mungu nyumbani kwangu?

"Shikamoo Shangazi, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 34, naishi Mbeya. Tulifunga ndoa kanisani kwetu Moraviani miaka 9 iliyopita na tuna watoto wawili. Mwezi wa sita mimba yangu ya miezi mitano iliharibika. Siku niliyorudi kutoka hospitali mume wangu, ambaye ni fundi seremala, hakukaa nami hata saa moja. Alishinda karakana akipiga msasa kisanduku cha mninga mpaka usiku, kesho yake tukazika. Hakudondosha chozi. Mama yake alikuja wiki ileile kutoka Rungwe, akaacha mahindi yake shambani, na mpaka leo yupo. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anawasha jiko na kuimba mpaka ananiamsha, kisha ananilazimisha uji. Jioni tukianza sala mume wangu anasinzia. Wenzangu wanaitwa mbele kanisani na waume zao kutoa shukrani, wamevaa sare za kitenge, mimi nimekaa kama mjane. Naomba, nafunga, faraja siioni. Nifanyeje? Aliyechoka, Mbeya."

Marahaba mwanangu, na jina la Bwana libarikiwe. Pole sana. Mtoto wa miezi mitano alishaanza kucheza tumboni, na asije mtu akakuambia "utapata mwingine" kana kwamba umepoteza kanga sokoni. Lia. Hana alimlilia Mungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na Mungu hakumkaripia.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwona mtu ambaye wewe humwoni.

Umeandika mninga. Mwanangu, wewe ni mke wa seremala, unajua bei ya mninga. Mninga ni mbao ya vitanda na milango ya wenye nacho. Jeneza la kawaida ni paini, na hakuna ambaye angemlaumu mumeo kwa paini. Yeye akachukua mbao bora aliyokuwa nayo, akaitengenezea kitu cha kwenda ardhini asubuhi. Tena akakipiga msasa mpaka usiku. Msasa wa nini? Mteja gani angekuja kupitisha kiganja kuona kama kuna kibanzi? Fundi hapigi msasa kitu cha kufukiwa isipokuwa kama hataki kibanzi kimguse aliyemo ndani. Yule alikuwa anambeba mwanawe, mwanangu. Ile ndiyo siku pekee aliyopata ya kumtengenezea kitanda.

Nawe unaniambia hakudondosha chozi. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Ulitaka alilie wapi, mbele yako, wakati wewe mwenyewe ulikuwa umelazwa huwezi kusimama? Katika barua yote sijaona mahali ulipoandika "mtoto wetu". Umeandika "mimba yangu". Na yeye amefiwa. Nani amemwambia pole?

Nikuambie bila kuzunguka: katika barua hii mume wako hana kosa. Wa kuomba radhi ni wewe.

Twende kwa mama mkwe. Mama wa Rungwe kuacha mahindi shambani wakati wa mavuno si jambo dogo. Mahindi hayasubiri, kuna panya, kuna wezi, kuna mvua ya ghafla. Ameyaacha akaja kukuwashia jiko saa kumi na moja, mwezi wa sita, kwenye baridi ya Mbeya ambayo sisi wengine tukiisikia tu tunatafuta sweta. Wewe umeandika "ananilazimisha uji". Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, alilala chini ya mti wa mretemu. Unakumbuka Mungu alimtumia nini? Hakumpelekea mahubiri. Alimtuma malaika amguse na kumwambia, "Inuka, ule", na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale. Mara mbili! Wako anakuamsha kila siku, tena kwa wimbo, na kosa lake ni kwamba anakuondolea usingizi.

Naomi naye alifiwa, akarudi Bethlehemu akawaambia wanawake kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu. Wakati anasema hivyo, mkwewe Ruthu amesimama pembeni yake.

Na hizi shukrani za sare ndizo zinazotuharibia ndoa siku hizi. Siwalaumu wanaoitwa mbele, kumshukuru Mungu hadharani ni jambo jema. Ila tumefika mahali mke anapima ndoa yake kwa kitenge cha mwenzake na picha za simuni. Mimi nimekulia usharika wa Kilutheri Kilimanjaro, na Jumapili ya mavuno bibi yangu alikuwa anabeba mkungu wa ndizi kichwani, mwingine analeta kuku amefungwa miguu, mwingine yai moja. Baada ya ibada mzee wa kanisa anasimama nje kunadi. Lile yai lilikuwa linanunuliwa, aliyelinunua analirudisha, linanadiwa tena na tena. Kila mtu alimshukuru Mungu kwa kilichotoka nyumbani kwake. Kwako kinatoka nini? Uji wa alfajiri na mume anayesinzia kwenye sala kwa sababu ameshika randa tangu asubuhi. Zaburi ya 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Mwache asinzie, iombee nyumba yenu wewe.

Kufunga acha kwanza, mwili wako bado haujapona. Kesho mama akiwasha jiko, usijifunike shuka. Jifunge kanga, nenda ukae naye jikoni, pokea kikombe kwa mikono miwili na umwambie asante mama. Inawezekana sana naye aliwahi kuzika kichanga. Wamama wa umri wake wengi wamezika, na hawasemi mpaka waulizwe. Kama usiku hulali kabisa, au mawazo ya kutaka kufa yanakuja, usinisubiri mimi. Mwambie mumeo leo hii, na akupeleke kituo cha afya.

Na jioni mpelekee mumeo chai kule karakana. Usianze na sala wala lawama. Kaa kwenye benchi lake, muulize habari za kile kisanduku, halafu nyamaza umsikilize hata akikawia kujibu. Muulize pia kama alimpa mtoto jina. Mimi nadhani alimpa.