Umri wa filamu fupi ya wanafunzi: amueni kwenye senario, si kwenye afishi

Wadogo zangu, nimeelewa hivi: mna filamu ya dakika 12 ya kumaliza mwaka hapa Lubumbashi, habari ya krezeri (mchimba madini kwa mikono) mmoja na mdogo wake wa miaka 11. Ndani kuna ugomvi wenye damu, matusi, na kijana anayevuta gundi. Mwalimu anataka kila mtu aweze kuiona, nanyi mmeshachora afishi yenye «16+». Mnauliza ni nani hutoa hiyo namba, na kama mnaweza kujipa wenyewe.

Kutoa onyo, mnaweza. Andikeni «Haifai kwa watoto chini ya miaka 12», hilo ni shauri lenu kwa mtazamaji. Ila msibandike alama za watu. PG-13 (mzazi aangalie kwa aliye chini ya miaka 13) na R (chini ya miaka 17 aje na mtu mzima) ni za Motion Picture Association, chama cha studio kubwa za Marekani, zimesajiliwa kama alama za biashara, na hupewa filamu iliyopelekwa kwao ikatazamwa. Vilevile 12A (chini ya miaka 12 aje na mtu mzima) na 15 za BBFC ya London, bodi inayopanga umri wa filamu Uingereza. Kuziweka kwenye afishi kwa sababu zinapendeza ni kugonga muhuri wa ofisi usiyoijua.

Tena mifumo hiyo haifanani. Marekani tangu 1968 ni hiari, serikali haimo: ni wenye filamu na wenye kumbi waliokubaliana. Uingereza, BBFC iko tangu 1912, lakini halmashauri ya mji ndiyo yenye neno la mwisho juu ya kumbi zake. Ufaransa ni serikali kabisa: waziri wa utamaduni hutoa viza ya filamu, yaani kibali cha kuionyesha, baada ya tume ya CNC, kituo cha taifa cha sinema, kuitazama, na makatazo ni 12, 16 na 18. Kile kiduara cha −10 mnachokiona nyumbani kwenye chaneli za Kifaransa ni cha televisheni, si cha sinema. Chaneli yenyewe hukichagua na Arcom, mamlaka ya utangazaji ya Ufaransa, husimamia.

Kwetu Kongo, televisheni na redio ziko chini ya CSAC, baraza la kusimamia utangazaji. Mkitaka filamu irushwe na televisheni ya hapa mjini, ongeeni na mkurugenzi wa vipindi mapema, maana yeye ndiye atakayejibu huko. Mkitaka kuuza tiketi, pitieni kwanza divisheni ya utamaduni ya mkoa. Na kuna sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, ambayo kwake mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Inawagusa kwa watazamaji, na zaidi kwa huyo mtoto mnayemchezesha.

Sasa jambo ambalo nadhani mwalimu wenu analiona nanyi bado: umri unafanya kazi penye mlango na mtu wa kusimama mlangoni. Ukumbi wa Halle de l'Étoile una mlango. Uwanja wa parokia kule Katuba, shuka jeupe ukutani, projekta juu ya meza na jenereta nyuma ya nyumba, hauna. Wa miaka 6 ndio watakaofika kwanza na kukaa mbele, na «16+» kwenye afishi itawaita wale wa 13. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa senario andikeni mahali ambapo filamu itaonyeshwa na miaka ya mtazamaji mdogo kuliko wote. Kwa habari yenu ningeshika 12, na hamtapoteza kitu. Mambo yote mliyoyataja yanaingia kwenye 12. Kinachoyatoa ni namna ya kuyaonyesha.

Chukueni ugomvi wa shimoni, koleo linapompata mtu kichwani. Mkionyesha koleo linashuka, linagusa, damu inaruka, halafu kamera inakaa sekunde 4 kwenye jeraha, mko kwenye 15 au 16, na mbishi hapati la kusema. Mkionyesha koleo linapanda, mkakata kwenda kwenye uso wa mdogo mtu, sauti moja kavu, kisha koleo limelala kwenye udongo mwekundu, tukio ni lilelile na mko kwenye 12. BBFC wenyewe kwenye 12A hawakatai ugomvi. Wanakataa kamera inayong'ang'ania jeraha na damu. Ila angalieni sauti. Kuna watu wa montaji wanaokata picha vizuri, kisha wanaweka mlio wa mfupa kuvunjika uliopakuliwa kwenye intaneti. Umri unapanda palepale, kwa sababu sikio linaona kilichofichwa. Pigo la gunia la mchanga, mara moja, linatosha. Kinachopandisha tena ni kumpiga aliyeshalala, kurudia pigo, na mpigaji anayecheka bila filamu kumuuliza kitu. Mkionyesha maumivu ya baadaye, mtu hawezi kubeba gunia wala kula, mtazamaji huyapokea kama uzito wa tendo, si kama mchezo.

Matusi huhesabiwa. Marekani, tusi zito la ngono likitamkwa mara moja kama hasira linaweza kubaki PG-13. Mara ya pili kwa kawaida ni R, na likitumika kwa maana yake ya ngono ni R hata mara moja. Hiyo ni kanuni yao, lakini hesabu yake inasaidia hata hapa kwetu Kamalondo. Chagueni pahali pamoja ambapo tusi halikwepeki, pengine pale krezeri anapomwambia mdogo wake arudi nyumbani, na kwingine kote wagombane kwa kejeli na kwa deni. Tusi la kumi halimshtui mtu. Mlio wa «biip» hauondoi kitu kama midomo inaonekana. Na maandishi ya Kifaransa chini ya picha nayo ni matusi: jaji wa tamasha asiyejua Kiswahili atawapimia hayo anayosoma.

Gundi ndiyo ningeiogopa kuliko damu. Damu haimfundishi mtoto kitu, gundi inaweza. Wanaopanga umri huangalia sana jambo ambalo mtoto anaweza kwenda kulijaribu nyuma ya nyumba: kujinyonga, kuvuta, kutengeneza kitu cha hatari. Marekani matumizi yoyote ya dawa za kulevya huanzia PG-13. Kwa hiyo msionyeshe inavyomiminwa, inavyoshikwa, inavyovutwa. Chupa ya plastiki mfukoni, macho, mkono unaochelewa kupokea chenji kwa mama wa mikate: inatosha, mtu wa Lubumbashi ataelewa. Wala msimfanye kijana huyo kuwa mchekeshaji wa filamu.

Mtoto wenu wa miaka 11 anaweza kucheza kwenye filamu ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kuiona, mradi kazi ipangwe hivyo. Mzazi au mlezi asome kurasa zenye mtoto na zile za kabla na baada yake, aweke sahihi, na awepo siku ya kazi. Mchana tu. Uso wake unaoona pigo upigwe picha peke yake, mtu mzima wa koleo akiwa hayupo kabisa. Wekeni alama ya karatasi kwenye fimbo, kwa urefu wa macho ya mtu mzima, msaidizi apige makofi, mtoto ageuke. Matusi yarekodiwe saa nyingine, mtoto akiwa ameshaondoka. Msimdanganye kwa kumtisha kweli ili alie. Picha moja nzuri inapatikana, na mtoto hawaamini tena kuanzia saa hiyo.

Damu: sukari kikombe 1 na maji nusu kikombe, chemsheni mpaka iwe nzito, ipoe kabisa. Rangi nyekundu ya chakula kijiko cha chai 1. Kakao nusu kijiko, koroga pembeni kwanza kwa maji ya vuguvugu, la sivyo inafanya madonge. Kakao ndiyo inayoondoa ule wekundu wa siropo ya grenadini. Ijaribuni kwenye ngozi ya mchezaji mapema, kwani rangi nyingine huwasha. Siropo hii haikauki, inabaki inang'aa, kwa hiyo damu inayopaswa kuonekana ni ya jana ipakeni nyembamba, kakao zaidi na poda juu. Mchana wa jua italeta nyuki na nzi ndani ya dakika chache. Fanyeni plani (vipande vya picha) za damu mwisho, na muwe na mashati 3 yanayofanana, maana kuosha na kusubiri likauke kutakula siku nzima.

Kamera wekeni picha 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50. Umeme wa SNEL ni hezi 50, na simu ikibaki kwenye 30, taa za tyubu na LED za bei rahisi zitatoa mistari inayopanda kwenye ukuta, montaji haiondoi. Jenereta ndogo huyumba, mistari inaweza kurudi hata kwenye 25, kwa hiyo taa za betri ni bora. Kila mahali rekodini sekunde 30 za ukimya wa pale, za kuziba mapengo ya sauti kwenye montaji. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua juu ya mabati itawamaliza sauti, sana sana baada ya saa nane, basi mazungumzo ya ndani yafanyeni asubuhi.

Faili la kuonyesha: MP4, H.264, 1920×1080, megabiti 15 kwa sekunde. Dakika 12 zinatoa takriban GB 1.35, na hilo linaingia kwenye flashi ya FAT32, ambayo televisheni na projekta nyingi husoma lakini haipokei faili la kuzidi GB 4. Onyo la umri likae sekunde 5 mwanzoni, herufi nyeupe juu ya nyeusi.

YouTube msiguse kile kizuizi cha umri kwa filamu ya 12. Kizuizi chao ni cha 18: mtazamaji lazima awe ameingia kwenye akaunti, na video haichezi kwenye tovuti nyingi za nje. Majaji hufungua kiungo, wanaona ukuta, wanapita kwenye filamu nyingine. Chagueni «si kwa ajili ya watoto», onyo liwe mstari wa kwanza wa maelezo, na picha ya jalada isiwe na damu, maana nayo hukaguliwa.

Ruhusa. Barua ya chuo yenye majina ya timu, tarehe na mitaa, kopi 3, kwa burgumesta wa komine na chifu wa mtaa. Kopi yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa na ikae kwenye mfuko wa kamera. Msimvalishe mtu sare ya jeshi au polisi barabarani, wala bunduki ya plastiki isitoke ndani ya uzio. Eneo la kampuni ya madini ya Gécamines, reli za SNCC, kambi za jeshi na uwanja wa ndege wa Luano si vya kupiga picha kwa barua ya komine. Shimo lenu chimbeni nyuma ya uwanja wa mtu: mita 2 kwa 1.5, kina cha magoti, kamera chini. Linatosha, na halimwangukii mtu.

Montaji ya kwanza ikiisha, iteni watu 6 wasiowajua vizuri, angalau 3 wawe wazazi. Msiwaulize kama ni nzuri. Mpeni kila mmoja karatasi aandike dakika na sekunde ambapo angemfunika mtoto wake macho. Plani ikitajwa na watatu, ipunguzeni fremu 12 (karibu nusu sekunde), kisha muionyeshe kwa watu wengine 6.