Zenit-E ya marehemu babu: bei yake halisi ni ipi?

Mkuu, nimekusoma. Umekuta kamera ya Kirusi, Zenit-E, kwenye sanduku la marehemu babu, pamoja na "Leica" (kamera ya Kijerumani) yenye nembo ya tai ya Wanazi. Fundi wa mjini anataka kukupa elfu ishirini kwa Zenit, na binamu yako kaona mtandaoni moja imetangazwa dola 400. Kwa maoni yangu huyo fundi anataka kukupiga, na aliyetangaza dola 400 anaota mchana.

Mimi nimekulia studio Tanga, enzi za kusafisha picha kwenye chumba cha giza, na siku hizi huwa nawatafutia watu wateja wa kamera za zamani. Bei ya tangazo usiiamini hata kidogo. Ingia eBay, lile soko la mtandaoni, andika jina la kamera na la lenzi, halafu chuja ubaki na zile zilizokwisha kuuzwa. Hapo ndipo utaona hela zilizotoka mfukoni mwa mtu. Zenit-E nzima yenye lenzi yake ya Helios 44-2 mara nyingi huishia kati ya dola 30 na 70. Hiyo ya 400 inaweza kukaa hapo mwaka mzima, hakuna anayeigusa.

Utasema mbona chee na ni ya zamani? Ni kwamba Warusi walizimwaga. Kiwanda cha Krasnogorsk, jirani na Moscow, kilianza kuzitoa 1965 na kikatengeneza mamilioni, na wazee wetu waliosoma kule wapo waliorudi nazo. Uzee peke yake haulipi. Kinacholipa ni uchache na historia: Leica ya majaribio aliyokuwa akiitumia Oskar Barnack mwenyewe, aliyeibuni, ilinunuliwa mnadani Wetzlar, Ujerumani, mwaka 2022 kwa zaidi ya euro milioni 14. Zenit ya babu haimo kwenye kundi hilo, tusidanganyane.

Hela ya Zenit iko kwenye lenzi. Vijana wa video wanaifunga Helios kwenye kamera za kidijitali kwa adapta, kwa sababu ukilifungua tundu lake la mwanga mpaka mwisho (f/2), majani ya nyuma ya mtu yanaonekana kama yanamzunguka. Basi ikague vizuri. Izungushe kinyume cha saa, itatoka. Ina pete mbili za kurekebisha tundu la mwanga. Zipeleke zote kwenye 2. Zima taa, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili kwa kuinamisha kidogo. Vumbi lisikutishe, kila lenzi ya zamani inalo. Tafuta nyuzi nyembamba zenye matawi, mara nyingi zikianzia ukingoni kuelekea katikati. Hiyo ni kuvu, na huku pwani ndiyo inayoua lenzi nyingi, hasa zilizofungiwa miaka kwenye kava la ngozi, maana ngozi inashika unyevu. Ikishakula upako wa kioo, hata fundi akisafisha alama inabaki, na bei inaanguka nusu au zaidi. Tafadhali usijaribu kuifuta kwa kanga na spiriti.

Kwenye bodi, yaani mwili wa kamera, hakuna mengi. Kipima mwanga chake ni cha seleniamu, hakitumii betri. Ielekeze dirishani uone kama mshale unacheza. Ukifa, umekufa, lakini kamera inapiga picha kama kawaida. Shata, kile kilango cha ndani kinachofunguka mwanga upite, ijaribu kuanzia 1/30 mpaka 1/500 ya sekunde usikilize kama mlio unatofautiana. Kwa kawaida tarakimu mbili za mwanzo za namba ya bodi ni mwaka iliotengenezwa.

Sasa hiyo "Leica". Wasovieti walianza kuiga Leica II mwaka 1934 pale Kharkiv, Ukraine, wakaiita FED, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja nakala nyingine, Zorki. Baadaye kukazuka mafundi wa kuzikwangua jina la asili, kuchora Leica, tai, michezo ya Olimpiki ya Berlin, hata kuzipaka rangi ya dhahabu. Kuna mzee aliniletea moja ya dhahabu, keshaipigia hesabu ya kumaliza nyumba. Nilifungua lenzi nikamwonyesha kile kimkono kilichomo ndani, upande wa juu, ambacho lenzi hukisukuma unapofokasi, yaani unapoiweka picha iwe kali. Kwenye Leica halisi ya aina hiyo, nchani pana kigurudumu kidogo cha mviringo. Yake ilikuwa na kipande kilichochongoka, kama yako itakavyokuwa, nahisi. Hata hivyo feki hizi zina wateja wake na bei yake haitofautiani sana na Zorki ya kawaida. Ila usiitangaze kama Leica, utarudishiwa mzigo na nauli juu yako.

Na nauli ndiyo inayomaliza faida ya Zenit. Kabla hujakubaliana na mteja wa Ulaya, kaulize posta uzito huo ni shilingi ngapi. Mimi kwa bei hizi ningeuza lenzi peke yake, ni nyepesi, na bodi ningeibakiza nyumbani. Wengine watakwambia uuze pamoja. Sawa, lakini wao hawalipi posta.

Kingine, usifungue mgongo wa hiyo Zenit kwa sasa. Shika kile kifundo cha kurudishia mkanda wa picha (filamu), kushoto juu, kizungushe taratibu upande wa mshale. Kikizunguka bure, ndani hakuna kitu. Kikikaza, babu aliacha mkanda humo, na ukiuanika kwenye mwanga umeuchoma. Kikikaza niambie kwanza, halafu weka na picha ya lenzi uliyoimulika kwa tochi.