Kwa mnaoanza kuigiza: mjueni Kay Francis

Wadogo zangu mnaonitumia rekodi za sauti, wengi mnauliza jambo moja: "Dada, ulimi wangu unachanganya r na l, nitapata kazi kweli?" Nami nilianza hivyohivyo. Siku yangu ya kwanza kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia ya Kituruki, nilikuwa mgombea umeya. Badala ya kuwaambia wananchi "nipeni kura zenu", nikaomba kula. Fundi sauti alicheka mpaka akasimamisha kazi.

Aliyenipa moyo ni mwigizaji wa filamu Mmarekani, Kay Francis, aliyezaliwa Oklahoma City mwaka 1905. Kay alikuwa akitamka r kama w, na l nayo wakati mwingine ikapita njia hiyohiyo. Watu wakamtania kwa kumwita "Kay Fwancis". Na tazama aliingia lini: 1929, filamu ndiyo kwanza zinaanza kuongea, na baadhi ya nyota wa filamu bubu wanaachwa kwa sababu ya sauti zao. Yeye alitokea jukwaani Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, alikoigiza na mwigizaji Walter Huston. Huston ndiye aliyemhimiza akajaribiwe kwa ajili ya Gentlemen of the Press, filamu ya studio ya Paramount iliyopigwa Astoria, New York. Akapewa nafasi, na w yake.

Mtazameni katika Trouble in Paradise ya 1932, anapoigiza tajiri mwenye kampuni ya manukato. Sauti yake ni nzito kidogo, ya chini, haikimbii. Mwenye kasoro ya ulimi kwa kawaida huharakisha ili herufi ipite bila kuonekana, na hapo ndipo anapoumbuka. Kay anaifikia herufi taratibu, anaisema anavyoweza, anaendelea. Pia anamsikiliza mwenzake kwa macho. Mimi nilifanya mazoezi miezi kadhaa, nikisoma gazeti kwa sauti kila alfajiri, polepole kama mtoto wa darasa la pili. R yangu ilinyooka, ila siyo yote, na bado ninaitwa kazini.

Sasa kuhusu urembo, maana wengine swali lenu ni hilo. Kay alikuwa mrefu, karibu futi 5 na inchi 9, na gauni lilimkaa. Mwaka 1932 alihamia studio ya Warner Bros., na mbunifu wa mavazi Orry-Kelly akawa anamvalisha. Wanawake walikwenda sinema kuangalia nguo. Kufikia 1937 alikuwa akilipwa zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, akimzidi kwa mbali mwigizaji Bette Davis wa studio hiyohiyo. Lakini gauni likishauza, hadithi huandikwa ili gauni lipate pa kutokea. Akawa anapewa hadithi za kulia akiwa amependeza.

Alipoitaka nafasi katika filamu ya Tovarich, akapewa mwigizaji Claudette Colbert. Akaishtaki studio mwaka huo wa 1937. Kesi haikumpa alichokitaka, na akashushwa kwenye filamu za bei rahisi. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema wakatoa tangazo la kuwataja nyota walioitwa sumu ya mauzo, yeye akiwemo pamoja na Greta Garbo na Katharine Hepburn. Mikataba ya siku zile iliiachia studio ichague filamu. Ukikataa unasimamishwa bila mshahara. Kay hakukimbia. Alizicheza hizo filamu duni mpaka mkataba ukaisha, na mshahara wake wote akauchukua. Wengine husema alijidhalilisha. Mimi naona alijua hesabu: alipofariki mwaka 1968 aliacha zaidi ya dola milioni moja kwa The Seeing Eye, taasisi inayofundisha mbwa kuwaongoza wasioona.

Mimi mkataba wangu wa kwanza niliusaini nikiwa nimesimama mlangoni, kalamu ya kuazima. Baadaye nikaisikia sauti yangu kwenye matangazo ambayo sikulipwa hata shilingi. Kabla ya kusaini, ulizeni: sauti au sura yangu itatumika wapi, kwa muda gani, nani anachagua nafasi nitakayoigiza, na malipo yanaingia siku ipi. Akijibu "tutaelewana tu", ombeni aandike hilo jibu, muone atakavyobadilika uso.

Rekodi tumeni, ila msizihariri. Someni ukurasa mmoja wenye barabara, karatasi na mirathi za kutosha, niusikie ulimi unapoteleza.